Namba moja ya presha isiwafanye watu waongeze dawa au waziache

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze na wasomaji wenye mashine ya kupimia presha nyumbani. Hapa Kigoma mashine hizi zimekuwa nyingi. Nyingine zinauzwa kwenye maduka ya dawa mjini, nyingine zinashuka na mabasi kutoka Dar es Salaam, kijana amemtumia mama yake Ujiji, Kasulu au Kibondo. Ni zawadi njema. Lakini mashine inafika bila mtu wa kueleza namba zake, na kijitabu kilichomo ndani ya boksi mara nyingi hakina hata mstari mmoja wa Kiswahili. Basi mzee anapima jioni, anaona 158, anaongeza kidonge. Kesho yake asubuhi anaona 121, anasema amepona, dawa anazirudisha kabatini. Yote mawili ni hatari, na yote mawili yanatokana na kuamini namba moja.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Kioo cha mashine kinaonyesha namba tatu. Ya kwanza, penye herufi SYS, ni msukumo wa damu kwenye kuta za mishipa wakati moyo unapojikamua. Ya pili, penye DIA, ni msukumo unaobaki ndani ya mishipa wakati moyo umelegea kati ya pigo na pigo. Ya tatu ni idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika, na hiyo si presha. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100.

Sasa, sisi Waswahili tuna maneno yetu: presha ya kupanda na presha ya kushuka. Mtu akiona namba mbili zimepandana, anadhani ile ya juu ndiyo ya kupanda na ile ya chini ndiyo ya kushuka. Bibi wa miaka 70 anapata 152/64, na nyumba nzima inaambiwa ana presha zote mbili. Hana. Ana presha ya kupanda peke yake. Umri unapokwenda, mishipa mikubwa inakakamaa. Moyo ukisukuma damu, mshipa hautanuki, kwa hiyo namba ya juu inaruka. Moyo ukilegea, mshipa hauna mnyumbuko wa kuendelea kuisukuma damu, kwa hiyo namba ya chini inadondoka. Ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili kwenye kioo. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaomnywesha mgonjwa wa namna hii maji ya chumvi ili wapandishe ile 64, na huku ile 152 inazidi kupaa.

Presha ya kushuka kwa kawaida ni pale vipimo vinapokuwa chini ya 90 kwa 60, na inakuwa tatizo kama mtu anaona kizunguzungu, anaishiwa nguvu au anazirai. Wapo vijana wazima wenye afya wanaoishi na 95/60 miaka yote. Mgonjwa anayetumia dawa akisikia kizunguzungu kila anapoinuka kitandani, apimwe akiwa amekaa, kisha asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, aende kumweleza daktari. Mara nyingi ni dozi au muda wa kumeza unaohitaji kurekebishwa.

Mpaka wa presha ya kupanda ukoje? Hospitalini tunatumia 140/90. Nyumbani mpaka unashuka hadi 135/85. Wasomaji wengi hawaijui tofauti hii, na inawagharimu. Mtu akiwa mbele ya muuguzi, foleni imekuwa ndefu, moyo wake unakwenda mbio kidogo, na namba inapanda. Akiwa sebuleni kwake, hofu hiyo haipo. Ndiyo maana 138/86 ya nyumbani haifurahishi hata kama iko chini ya 140. Mgonjwa asikisie: namba hiyo ni ya juu kwa kipimo cha nyumbani. Wapo wenye presha ya hofu ya hospitali, ambao kliniki wanasoma 155 na nyumbani 126. Na wapo wa kinyume chake, ambao ndio wananitia wasiwasi zaidi: kliniki wako 130, wanapongezwa, nyumbani wako 145 kila asubuhi. Hawa presha imejificha, na mashine ya nyumbani ikitumika vizuri ndiyo inayowafichua.

Ikitumika vizuri. Hapo ndipo nitakapokaa kwa muda.

Presha haitulii mahali pamoja kutwa nzima. Usingizini hushuka, alfajiri hupanda, ukipanda kilima kutoka Kibirizi na ndoo ya dagaa hupanda sana, ukigombana na mtu hupanda, kibofu kikijaa hupanda. Kwa hiyo kabla ya kupima, yapite angalau dakika 30 tangu kahawa, chai ya rangi, sigara, ugoro au kazi ya nguvu. Ugoro nautaja makusudi, kwa kuwa wazee wengi hawauhesabu kuwa ni tumbaku. Nikotini ni ileile, ipite puani, mdomoni au kwenye moshi. Wale wa vikombe vidogo vya kahawa barazani nao wajue kwamba kikombe kile ni kidogo lakini kahawa yake ni nzito. Nenda haja ndogo kwanza. Kisha kaa kimya dakika 5 kamili ukiangalia saa, bila simu, bila redio ya mpira, bila kuitikia hodi.

Kukaa kwenyewe kuna namna yake. Chukua kiti chenye egemeo, mgongo uegemee, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, miguu isipishane. Kupishanisha miguu peke yake kunaweza kuongeza namba ya juu kwa milimita kadhaa za zebaki, ambazo ndizo kipimo cha presha. Mkekani hapafai, kigodani hapafai, na ukingoni mwa kitanda hapafai kwa sababu mgongo unaning'inia hewani na misuli inafanya kazi. Sofa nayo ina shida yake: imezama, na meza iliyo mbele yake ni fupi, kwa hiyo mkono unalala chini ya moyo.

Na mkono ndio wenye makosa mengi kuliko kiungo kingine chochote. Mkanda, yaani kile kitambaa kinachojaa hewa na kuvaliwa juu ya kiwiko, lazima uwe usawa wa moyo, yaani kwenye mstari wa katikati ya kifua. Fikiria tenki la maji lililo juu ya mnara: kadiri bomba linavyokuwa chini, ndivyo maji yanavyotoka kwa nguvu. Damu nayo ina uzito. Kila sentimita 10 ambazo mkono uko chini ya moyo huongeza takriban milimita 7 hadi 8 za zebaki, na mkono ukiwa juu ya moyo hupunguza kwa kiasi hichohicho. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani uliotoka mwaka 2024 ulipima watu walewale katika mikao tofauti. Mkono ukiwekwa mapajani, namba ya juu iliongezeka kwa karibu 4. Ukiachwa uning'inie ubavuni, iliongezeka kwa zaidi ya 6. Kwa mtu aliye mpakani, hiyo inatosha kumwanzishia dawa za maisha ambazo hakuzihitaji. Kwa hiyo weka mkono mezani, na meza ikiwa fupi, panga mto au kitenge kilichokunjwa mara nne chini ya kiwiko mpaka mkanda ufike usawa wa kifua. Kiganja kitazame juu, vidole vilegee. Mkono ulegee kabisa, usiushikilie hewani mwenyewe.

Mkanda uvaliwe juu ya ngozi. Sweta na koti haviruhusiwi, na si sahihi pia kukunja mkono wa shati la kitambaa kigumu hadi ukabane juu kama kamba, kwa sababu mkunjo huo wenyewe unaziba damu. Toa mkono mzima nje ya shati au kanzu. Mama mwenye gauni la mikono iliyobana ajifunge khanga na atoe mkono. Ukingo wa chini wa mkanda ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, na ile alama ya mshale, au mpira wenyewe unaopitisha hewa, ielekee upande wa ndani wa mkono ambako mshipa unapita. Kaza hadi kidole kimoja au viwili viweze kupenya chini yake, lakini kwa shida kidogo. Mkanda uliolegea hujaa kama puto upande mmoja, na mara nyingi husoma juu kuliko ukweli.

Lipo kosa ambalo hata kukaa vizuri hakulisahihishi, nalo ni ukubwa wa mkanda. Mkanda una mfuko wa hewa ndani yake. Mfuko huo unatakiwa kuzunguka asilimia 75 hadi 100 ya mkono. Ukiwa mdogo, nguvu ya hewa haifiki sawasawa kwenye mshipa, kwa hiyo mashine inalazimika kusukuma zaidi ndipo mshipa uzibe, na namba inatoka kubwa. Watafiti walewale wa Johns Hopkins walilipima hili mwaka 2023: watu waliohitaji mkanda mkubwa kuliko yote, walipovishwa wa kawaida, namba ya juu iliongezeka kwa karibu 20. Ishirini! Kutoka 128 unafika 148. Na mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba hushusha namba, hivyo mwenye presha anaambiwa yuko salama.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Kabla ya kununua, azima futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Kwenye mkanda wenyewe pameandikwa sentimita zake. Wa kawaida huwa ni 22 hadi 32, mkubwa ni 32 hadi 42, na siku hizi ipo mingi ya 22 hadi 42. Mkono wenye sentimita 35 hauna kazi na mkanda wa 22 hadi 32, hata muuzaji akiapa kwamba unafunga. Kufunga na kupima ni mambo mawili tofauti. Mikanda mikubwa huuzwa peke yake, ila inunuliwe ya kampuni na aina ileile ya mashine, kwa sababu mashine imetengenezwa kwa kufuata mkanda wake.

Mashine za kifundo cha mkono, zile ndogo zinazovaliwa kama saa, nawashauri watu waziache isipokuwa pale ambapo mkono ni mnene kiasi kwamba hakuna mkanda unaoenea. Zinayumba sana, na kifundo kisipowekwa usawa wa moyo namba haina maana. Zile programu za simu zinazodai kusoma presha kwa kuweka kidole kwenye kamera msizitumie kuamulia dawa.

Sasa namna ya kuandika. Chukua daftari, chora safu: tarehe, saa, juu, chini, mapigo. Pima kwa siku 7 mfululizo. Asubuhi kabla ya dawa na kabla ya chai, jioni kabla ya chakula au kabla ya kulala. Kila wakati pima mara mbili, ukipumzika dakika 1 katikati, na uandike zote mbili. Kama zimepishana kwa zaidi ya 10, pima ya tatu. Usizungumze mashine inapofanya kazi, hata kumjibu mtoto. Mashine hizi hazisikilizi sauti ya mshipa kama anavyofanya daktari mwenye kipimo cha masikioni. Zinahisi mtikisiko wa mshipa hewa inapotolewa mkandani, kisha zinakokotoa namba. Ukitikisika wewe, zinakokotoa mtikisiko wako.

Siku moja kwenye daftari inaweza kuonekana hivi: asubuhi 147/88, kisha 139/85. Jioni 136/82, kisha 131/79. Usishangae. Cha kwanza karibu kila mara huwa kikubwa, na tofauti ya 16 kati ya asubuhi na jioni si ugonjwa mpya. Siku 7 zikitimia, siku ya kwanza yote ifute kwenye hesabu, maana siku hiyo mtu bado anaiogopa mashine. Zinabaki siku 6 zenye vipimo 4 kila siku, yaani 24. Jumlisha namba zote za juu kwa simu, gawanya kwa 24. Fanya hivyohivyo kwa za chini. Tuseme za juu zimefika 3,264: wastani ni 136. Za chini zimefika 1,968: wastani ni 82. Huyu ana 136/82. Namba yake ya chini iko ndani ya mpaka, ya juu imeuvuka. Inatosha moja kuvuka. Aende kliniki na daftari lake, bila haraka ya kukimbia na bila kungoja miezi.

Baada ya wiki hiyo, mtu ambaye presha yake imetulia hahitaji kupima kila siku. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha, na wiki nzima tena kabla ya siku ya kliniki. Kupima mara kumi kwa siku kunazaa hofu, na hofu inapandisha namba, na namba inazaa hofu. Vibaya zaidi ni kupima mfululizo hadi ipatikane namba inayopendeza, kisha kuandika hiyo tu. Daktari anapopewa daftari la namba nzuri zilizochaguliwa, anapunguza dawa ambayo alitakiwa kuiongeza.

Kuhusu saa ya mashine, neno dogo. Wengi hawaipangi, na betri zikitolewa huanza upya. Halafu inaandika 7:00 wakati kwetu ni saa 1 asubuhi, na 19:00 wakati ni saa 1 jioni. Daftari likinakiliwa kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine, asubuhi na jioni zinachanganyika. Andika kwa mkono, palepale, kwa saa zetu, na uongeze neno asubuhi au jioni. Tena kumbukumbu ya mashine haijui jirani aliyekuja kujipima Jumamosi. Namba zake zimeingia kwenye wastani wako.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Mkono uliosoma juu zaidi ndio utakaotumia siku zote, uandike kwenye jalada la daftari, kulia au kushoto. Tofauti ikizidi 10 kila unapopima, mweleze daktari, kwa sababu inaweza kuwa ni mshipa ulioziba upande mmoja. Aliyetengenezewa mshipa wa kusafishia damu kwa ajili ya figo asifunge mkanda kwenye mkono huo kamwe.

Mashine ikigoma na kuandika herufi za hitilafu, kwa kawaida chanzo ni kimoja kati ya hivi: mkanda umelegea, mkono umetikisika, kichwa cha mpira hakijaingia hadi mwisho, betri zimechoka, au hewa inavuja. Mpira huchanika pale unapounganika na mkanda, hasa ukizungushiwa mashine kwa kuukaza wakati wa kuhifadhi. Ukiona mashine inapuliza muda mrefu bila kubana, peleka sikio karibu na mpira, utasikia mluzi. Mkanda wa kunasa nao ukijaa nyuzi na vumbi hufunguka katikati ya kupima. Safisha nyuzi kwa sindano. Alama ya moyo inayokatika au kuyumba kwenye kioo inamaanisha mashine imehisi mapigo yasiyo na mpangilio. Ikitokea mara moja, huenda ulitikisika. Ikirudi siku baada ya siku, nenda ukafanyiwe kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu mapigo ya namna hiyo yanaweza kuleta kiharusi, na pia yanaifanya mashine yenyewe isiaminike sana.

Ipo namba ambayo haingoji wiki. Ukipata 180 au zaidi juu, au 120 au zaidi chini, kaa utulie dakika 5, hakikisha mkanda na mkono viko sawa, pima tena. Ikibaki palepale na mtu anaumwa kifua, anapumua kwa shida, upande mmoja wa mwili umelegea, mdomo umepinda, maneno hayatoki, macho hayaoni vizuri au amechanganyikiwa, twende hospitali sasa hivi, si kesho asubuhi. Kama hana dalili yoyote, bado aonane na mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Asimeze dozi mbili. Na nawasihi sana, msimwekee mgonjwa nifedipine, dawa ya kushusha presha, chini ya ulimi, wala msitoboe kidonge chake na kumdondoshea. Presha huporomoka ghafla, ubongo na moyo vinakosa damu, na kiharusi mlichokuwa mnakikimbia mnakisababisha wenyewe.

Kwa mjamzito mipaka ya kuwahi kliniki ni mingine. Akipata 140/90 au zaidi, aende kliniki siku hiyohiyo, hata kama anajisikia mzima. Ikiwa 160/110, ni dharura. Kichwa kinachouma bila kukoma, macho kuona nyota, maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia, uso kuvimba ghafla: hizo ni dalili zinazotangulia kifafa cha mimba, asisubiri mashine imthibitishie. Isitoshe, mashine nyingi hazijathibitishwa kwa wajawazito, kwa hiyo namba nzuri ya nyumbani isimzuie kwenda kliniki.

Tunasikia pia watu wakisema, "Leo kichwa hakiumi, presha iko sawa." Presha ya kupanda kwa walio wengi haina dalili kabisa. Anayepima siku kichwa kinapouma tu anapima maumivu, kwa sababu maumivu yenyewe yanapandisha namba. Na kama kwa ajili ya mgongo au magoti unameza diklofenaki au ibuprofeni kila siku, liandike hilo kwenye daftari, kwani dawa hizo hupandisha presha na kudhoofisha baadhi ya dawa zake. Chumvi nayo, na sisi hapa tuko jirani na Uvinza inakotoka chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kikihesabiwa na ile iliyomo kwenye mkate na samaki wa chumvi. Dawa ikibadilishwa au chumvi ikipunguzwa, usitafute matokeo kesho yake. Dawa nyingi za presha huchukua siku kadhaa hadi wiki chache kufikia nguvu yake yote.

Nina maombi mawili kabla sijafunga barua. La kwanza ni kwa wenye maduka ya dawa, kuanzia Mwanga hadi Mwandiga na wilayani: wekeni futi ya fundi juu ya kaunta na mpime mkono wa mteja kabla ya kumuuzia. Akisema mashine ni ya mama yake aliye kijijini, mwambieni apige simu, mama apimwe mkono. Muulizeni pia msambazaji wenu kama aina hiyo ya mashine imethibitishwa kwa kupimwa kwa watu. Kipimo cha kimataifa kinachotumika kinadai watu wasiopungua 85, na mashine nyingi za bei ya chini hazijawahi kukipita.

La pili ni kwa wagonjwa na kwa wauguzi wenzangu wa zahanati na vituo vya afya. Angalau mara moja kwa mwaka, mashine ya nyumbani ifike kliniki ilinganishwe na ya kliniki: mkono uleule, mkao uleule, moja baada ya nyingine kwa kupishana, dakika 1 katikati, mara tatu kila moja. Wastani ukitofautiana kwa 5 au pungufu, mashine ni nzuri. Ukizidi 10, isitumike tena kuamulia dawa. Kazi hii inachukua kama robo saa, nasi tuifanye bila kununa hata foleni ikiwa ndefu. Mnapokuja, njooni na mkanda wenyewe wa mashine hiyo, betri mpya, na lile daftari lenye namba zote, nzuri na mbaya.

Muuguzi wa kliniki ya presha na kisukari,
Kigoma